Manusura Apewe Kiti



Mwaka 1952, mjini New York, mama mmoja aitwaye Terese Lasser alifanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Upasuaji wa siku hizo ulikuwa mzito. Daktari aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, na mgonjwa alizinduka bila neno hata moja la kumwongoza. Mkono utanyanyuka lini? Nguo zitakaaje? Mume atasemaje? Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyeona kuwa hayo ni maswali ya hospitali. Alipopata nafuu alianza kuingia wodini kuwatembelea waliokatwa kama yeye. Alibeba kifurushi: titi bandia la muda la kuweka ndani ya sidiria, mpira na kamba za mazoezi ya mkono, na maelezo ya kumsaidia mwanamke arudi kwenye maisha yake. Madaktari wengi walikasirika. Walisema anaingilia wagonjwa wao bila ruhusa, na kuna hospitali zilizomtimua. Hakuacha. Mwaka 1969 kazi yake, iliyoitwa Reach to Recovery, ilichukuliwa na Chama cha Saratani cha Marekani, ikaenea nchi nyingi.

Nimeanza na mama huyo kwa sababu wanawake wa vikundi vyetu vya manusura, kuanzia Mwanza hadi Mombasa, wanafanya kazi aliyoianza yeye, na wengi wao bado wanaifanya kama alivyoifanya siku za mwanzo: kwa kuvizia. Wanasimama kwenye korido. Wanamwomba muuguzi anayewafahamu awaruhusu waingie. Nauli wanatoa mfukoni. Ifikapo Oktoba, mwezi wa uhamasishaji wa saratani ya matiti, wanaitwa, wanavishwa fulana za waridi, wanapigwa picha na mgeni rasmi, kisha wanarudi koridoni hadi Oktoba nyingine. Mimi ni mmoja wao. Nilitibiwa, nikapona kwa kiwango ambacho daktari anaweza kukisema, na tangu hapo kazi yangu ni kukaa na wanaoanza. Ninalotaka kulisema jioni ya leo ni moja. Kazi ya manusura ni sehemu ya tiba, na anayefanya sehemu ya tiba apewe kiti: kiti kwenye kliniki, karibu na mgonjwa anayepewa majibu, na kiti mezani, pale mipango na bajeti zinapoamuliwa.

Tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Nchini Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wagonjwa wapya. Nchini Tanzania, kwa upande wa wanawake, inafuata nyuma ya saratani ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huipata, takriban mmoja katika kila wagonjwa mia, na kwa kuwa hawaitarajii huchelewa sana.

Katika nchi zenye kipato kikubwa, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa huwa hai miaka mitano baada ya kugundulika. Kwetu mambo ni tofauti. Utafiti uliofuatilia wanawake katika nchi tano za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, uliona kuwa baada ya miaka mitatu tu karibu nusu walikuwa wamekufa. Watafiti hao walikadiria kuwa kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo hivyo vingeweza kuzuilika kwa wagonjwa kuwahi na kupata tiba inayofaa, pasipo kusubiri ugunduzi wowote mpya. Wakahesabu na watoto. Kwa kila wanawake 100 wenye umri chini ya miaka 50 waliokufa, watoto 210 walibaki bila mama. Naomba mkae na namba hiyo. Nitakapofika kwenye habari ya nauli ya basi na vocha ya simu, mkumbuke kwamba upande wa pili wa mizani wapo watoto hao.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa dunia wa saratani ya matiti, wenye malengo matatu. Angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili. Uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza. Angalau asilimia 80 wamalize matibabu yao. Ukiyasoma taratibu utaona kuwa hakuna hata moja linalosubiri dawa ambayo haijagunduliwa. Yote matatu yanahusu safari ya mgonjwa: anaianza lini, anakwama njiani muda gani, na kama anafika mwisho wake.

Njia hiyo naijua. Mwanamke anaoga, mkono unagusa kitu kigumu. Hakiumi, na kwa kuwa hakiumi anakiacha, maana tumezoea kuuhesabu ugonjwa kwa maumivu. Wiki zinapita. Anamwambia dada yake. Kama ananyonyesha, ataambiwa maziwa yameganda. Zahanati inampa vidonge vya kutibu jipu na kumwambia arudi. Anarudi, anapewa vingine vikali zaidi. Jirani anamtajia mganga, mchungaji au sheikh anamwombea, na miezi inakwenda. Siku ngozi ya titi inapokuwa kama ganda la chungwa, au chuchu inapoingia ndani, ndipo anafika hospitali ya wilaya. Hapo nako anachukuliwa kinyama cha uvimbe, ambacho hupelekwa kupimwa mkoani au mbali zaidi. Majibu ni ya kusubiri, na mara nyingine hurudi bila kipimo cha vipokezi vya homoni, ambacho daktari anakihitaji ili achague dawa kwa uhakika. Anaandikiwa rufaa. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye chimbuko lake katika hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897, imepokea watu kutoka kila kona ya nchi tangu ilipoundwa kisheria mwaka 1996. Leo Hospitali ya Bugando, kule Mwanza, nako kuna tiba ya mionzi, na hilo limewapunguzia safari wengi wa Kanda ya Ziwa. Hata hivyo mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Atalala wapi? Watoto atawaacha na nani? Palizi je? Hata dawa zikiwa za bure, nauli hulipiwa.

Kila hatua ya njia hiyo ina wanaoishia hapo. Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, na huwa naisikia ikitajwa kwenye semina kana kwamba ni hukumu juu ya wagonjwa. Kwa saratani ya matiti siikubali. Wengi wa wanawake ninaokaa nao hawakuficha. Walisema, walionyesha, walikwenda kituoni. Walipotezewa muda na watu ambao walipaswa kuwaharakisha.

Ipo hofu moja ambayo nataka niikalie, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini manusura hana mbadala. Mtaani wanasema uvimbe ukiguswa na kisu unasambaa. Wasomi husikia hilo wakaliita ujinga. Mimi naliita ushahidi wa macho uliosomwa visivyo. Mtu ameona nini kijijini kwake? Ameona shangazi aliyekwenda hospitali titi likiwa limeshapasuka, akakatwa, akarudi, akafa baada ya miezi. Ameona jirani vivyo hivyo. Hajaona aliyekatwa akabaki, kwa kuwa waliokatwa mapema wakapona wananyamaza. Wanajaza vitambaa ndani ya sidiria, wanajitanda kanga vizuri, na hakuna anayejua. Hivyo kijiji kizima kinawafahamu kwa majina waliokatwa wakafa, na hakimfahamu hata mmoja aliyekatwa akaishi. Mtu mwenye akili timamu, kwa ushahidi huo, atakikimbia kisu. Bango la ukutani haliwezi kuupinga. Unapingwa na ushahidi mwingine wa macho: mwanamke anayefahamika, aliyeolewa pale, anayeuza mboga pale sokoni, asimame mbele ya wenzake aseme, mimi nilikatwa, na leo ni mwaka wa kumi.

Niwape mfano wa chumba cha kliniki. Mama mmoja mtu mzima aliletwa na binti yake. Uvimbe ulikuwa bado mdogo, daktari alikuwa na matumaini, lakini mama alikataa upasuaji na hakutaka kueleza sababu. Muuguzi akaniita. Nikafunga mlango nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wanasema na wewe walikukata."

"Ndiyo, mama. La kulia."

Akanyamaza. Kisha akauliza lile ambalo daktari hakuulizwa. "Na mumeo?"

"Yupo, mama. Mkono ukinivimba ndiye anayenichotea maji."

"Hebu nione."

Nikafungua vifungo vya blauzi. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kovu lote kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, taratibu. Akauliza kama linauma wakati wa baridi. Nikamwambia linauma kidogo, na kwamba sehemu ya ndani ya mkono mpaka leo ina ganzi. Sikumficha. Akainuka, akajitanda kanga yake, akamwambia binti yake amwite daktari.

Sikumshauri chochote, na sikuwa na haki ya kumshauri. Daktari bingwa aliyesoma miaka mingi asingeweza kufanya kilichofanyika mle chumbani, na si kwa upungufu wake. Hana kovu.

Baada ya mgonjwa huja ndugu zake. Kwetu uamuzi wa upasuaji haufanywi na mgonjwa peke yake. Yupo mume, yupo mama mkwe, yupo kaka mkubwa ambaye ndiye mwenye fedha za safari. Manusura anayejua kazi yake hukaa na hao wote. Humwambia mume mambo ambayo hakuna aliyemwambia: saratani haiambukizi, si laana ya ukoo, mnaweza kula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Nywele zitakatika kwa sababu ya dawa za dripu na zitaota tena. Mazoezi ya mkono yaanze mapema kwa maelekezo ya wataalamu, na ndoo ya maji aibebe mwingine mpaka atakaporuhusiwa. Nimewaona wanaume waliokuwa wamekwisha kusikiliza ushauri wa kuoa mke mwingine wakibadilika ndani ya mazungumzo ya saa moja. Nimewaona pia wasiobadilika, na wake zao ndio waliohitaji kikundi kuliko wote.

Kisha kuna vidonge. Kwa mwenye saratani inayoitikia homoni, tamoksifeni humezwa kila siku kwa miaka mitano, wakati mwingine kumi. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Tatizo lake ni urefu wa muda. Mwaka wa pili mtu anajiona mzima, usiku joto la mwili linampandia, hedhi imevurugika, na fedha ya kwenda kuchukua dawa imelipa ada ya shule. Anaacha. Hospitali yenye foleni ya mamia haiwezi kujua kuwa mmoja ameacha. Anayejua ni mwanakikundi mwenzake aliyempigia simu kumsalimia na kumuuliza vidonge vimebaki vingapi. Lile lengo la asilimia 80 linabebwa na simu kama hiyo, na vocha yake hainunuliwi na bajeti yoyote ninayoifahamu.

Hapa niseme neno ambalo huenda lisiwapendeze baadhi ya wanaoandaa kampeni. Kwa miaka mingi ujumbe wetu kwa wanawake umekuwa jipime, jipime, jipime. Huko Shanghai, China, ulifanyika utafiti mkubwa uliohusisha wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo. Nusu walifundishwa kwa makini kujipima matiti na kukumbushwa mara kwa mara, nusu hawakufundishwa. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka 2002, na vifo vya saratani ya matiti katika makundi hayo mawili vilikuwa sawa. Maana yake si kwamba mwanamke asilijue titi lake. Alijue, na akiona badiliko lolote aende hospitali bila kungoja maumivu. Ninachokipata katika utafiti huo ni kwamba mkono unaogundua uvimbe peke yake hauokoi maisha. Tukifundisha watu kujipima, kisha tukawaacha wapotee kati ya zahanati na hospitali ya rufaa, tumewapa hofu tu. Fedha inayokwisha kwenye fulana na mahema ya siku moja ingefaa zaidi ikimfikisha mwenye uvimbe kwenye kipimo cha kinyama ndani ya hizo siku 60.

Faraja ya manusura nayo ina mipaka, na historia ya Marekani inatuonyesha mipaka hiyo. Mradi wa Terese Lasser ulipokubaliwa na hospitali ulipewa masharti: mtembeleaji asizungumzie matibabu wala asihoji kazi ya daktari. Alete titi bandia, alete tabasamu, basi. Mwaka 1978 mshairi Audre Lorde, Mmarekani mweusi, alikatwa titi. Akaletewa kifurushi kama wengine, akakikataa. Siku chache baadaye alikwenda kliniki bila titi bandia, akaonywa na muuguzi kuwa kutolivaa kunawavunja moyo wagonjwa wengine. Aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu chake The Cancer Journals cha mwaka 1980, na hoja yake inanigusa mpaka leo: wanawake waliokatwa titi wakifanywa wasionekane, hawawezi kujuana, na wasiojuana hawawezi kudai kitu pamoja. Rudini kwenye kile kijiji nilichokieleza, mtaona kuwa alikuwa anazungumza habari zetu.

Aliyedai kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwandishi wa habari, Rose Kushner. Mwaka 1974 aligundua uvimbe. Desturi ya madaktari wa nchi hiyo ilikuwa kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kupima kinyama papo hapo, na kikionyesha saratani, kuliondoa titi kabla hajaamka. Mwanamke aliingia chumba cha upasuaji bila kujua atatoka na titi au bila titi. Kushner alikataa. Aliwapigia simu madaktari wengi mpaka akampata aliyekubali kutenganisha kipimo na upasuaji. Mwezi Septemba mwaka huohuo mke wa Rais wa Marekani, Betty Ford, alikuwa anakaribia kufanyiwa upasuaji wa namna ileile. Kushner akapiga simu Ikulu ya Marekani kusihi wasifanye hivyo, akajibiwa kuwa Rais ameshaamua. Fikirini hilo: uamuzi juu ya titi la mwanamke, na jibu linatajwa kuwa la mumewe.

Betty Ford naye alifanya la kwake. Alikubali habari zake zitangazwe wazi katika zama ambazo saratani ya matiti haikuzungumzwa sana hadharani, na wanawake wakafurika hospitalini kupimwa. Miaka mitano baadaye, mwaka 1979, jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza kipimo na upasuaji vitenganishwe. Rose Kushner alikuwa mjumbe wa jopo hilo. Alikuwa na kiti. Mwaka 1985 utafiti ulioongozwa na daktari Bernard Fisher ukathibitisha kuwa, kwa uvimbe uliowahiwa, kuondoa uvimbe pekee na kuongeza mionzi huokoa maisha sawa na kuliondoa titi lote. Lakini haki ya mgonjwa kuamka kwanza, kuambiwa, na kuamua, ilikuwa imeshapiganiwa na wagonjwa.

Waliofuata walijifunza. Mwaka 1991 vikundi vya manusura viliungana katika National Breast Cancer Coalition, chini ya mwanasheria Fran Visco, naye akiwa manusura. Ndani ya muda mfupi Bunge la Marekani likatenga dola milioni 210 kwa utafiti wa saratani ya matiti, tena kupitia bajeti ya ulinzi. Manusura wakaingizwa katika majopo yanayochagua utafiti upi upewe fedha, wakakaa meza moja na maprofesa wakiwa na kura zao. Hilo ndilo ninalolimaanisha ninaposema kiti.

Na kwetu? Msidhani tunaanza sifuri. Nchini Kenya alikuwapo Mary Onyango. Aligundulika na saratani ya matiti, akaisema hadharani wakati ambapo waliothubutu walikuwa wachache mno, akaongoza Kenya Breast Health Programme. Baadaye alikuwa makamu mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano. Alifariki mwaka 2012. Mwaka huohuo Kenya ilipata Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani, sheria iliyoanzisha taasisi ya taifa ya kusimamia mapambano hayo. Sheria hiyo ilipiganiwa na wengi, lakini hakuna mwenye haki ya kuieleza bila kuwataja wagonjwa waliotoka hadharani kabla haijawa jambo la heshima kufanya hivyo. Nchini Rwanda, Philippa Kibugu-Decuir, aliyetibiwa Marekani, alirudi kwao na kuanzisha shirika la kuelimisha na kusindikiza wagonjwa. Hapa Tanzania, Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilipoanza kampeni za kupima matiti mwaka 2005, wanawake walijaa viwanjani. Kiu ya kupimwa ilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono yule aliyekutwa na tatizo.

Uganda inatufundisha somo gumu. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, pale Hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo kuna wagonjwa ambao ratiba yao ya mionzi haikungoja serikali. Kampala kulikuwa na kikundi cha manusura, UWOCASO, kilichoundwa mwaka 2004. Nikiangalia habari ile huwa nawaza: katika vikao vya kupanga ununuzi na matengenezo ya mashine, miaka yote kabla haijafa, alikuwapo hata mgonjwa mmoja? Anayelala chini ya mashine hiyo ndiye wa kwanza kujua kuwa siku hizi inazimika mara tatu kwa wiki.

Na tusije tukawafanya manusura malaika. Manusura si chuma. Huchoka kama mtu. Kikundi chochote cha saratani huzika wanachama wake. Unamsindikiza mtu kwa miaka, ugonjwa unarudi kwenye mifupa au mapafu, na wewe uliye na ugonjwa uleule unakaa kitandani pake ukijua unachokitazama. Anayefanya kazi hii anahitaji mafunzo, mshauri wa kuzungumza naye, na ruhusa ya kupumzika bila kuonekana amewatelekeza wenzake. Anahitaji pia nidhamu. Siri ya mgonjwa isitoke kliniki. Asiuze dawa za mitishamba wala virutubisho kwa mlango wa nyuma. Asiseme dawa fulani ni bora kwa kuwa ilimfaa yeye, maana saratani za matiti ziko za aina nyingi. Vikundi vilivyovunjika vilivunjikia mara nyingi hapo, au kwenye hesabu za fedha za wafadhili. Daktari akisita kumruhusu mtu yeyote tu aingie chumbani, ana haki ya kusita. Dawa yake ni kuwafundisha na kuwasajili manusura, na kumpa kila mmoja kitambulisho, ili muuguzi ajue anamruhusu nani na anamwajibisha nani.

Gharama yake ni ndogo. Chumba chenye mlango unaofungwa. Viti viwili. Vocha, nauli, na posho ya mtu aliyeacha biashara yake siku hiyo. Daftari la wagonjwa wapya, ili asiyerudi kuchukua majibu ya kinyama atafutwe wiki ileile. Nyumba ya kulala wagonjwa wa mionzi, hata ya vyumba vichache, karibu na hospitali. Nawaomba waganga wakuu wa mikoa mlio humu ndani muwaandike manusura katika mwongozo wa kliniki zenu, kwa kazi na majukumu, si kwa hisani ya muuguzi wa zamu. Nawaomba wakurugenzi wa halmashauri, mnapopanga fedha za kampeni za Oktoba, mzigawanye: nusu ibaki kwa ajili ya safari za wale watakaokutwa na uvimbe. Kamati zote za saratani, kuanzia hospitali hadi wizara, ziwe na manusura mwenye kura, na apewe makabrasha kabla ya kikao kama wajumbe wengine.

Na kwenu mliomaliza matibabu, ambao majirani zenu hawajui: siwalazimishi kusimama jukwaani. Kila mtu ana familia yake na sababu zake. Lakini kama una nguvu ya kukaa saa mbili kwa wiki kwenye benchi la kliniki, nenda Jumatatu kwa muuguzi kiongozi wa kliniki uliyotibiwa, jitambulishe, umwambie uko tayari kufundishwa. Yupo mwanamke atakayepewa majibu yake wiki hii, na bado hajamwona hata mtu mmoja aliyekatwa akaishi.